PEPO, DHAHABU NA MJI WA KILWA



Wengi wetu tuliisoma historia ya bahari kana kwamba ilianza siku Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498. Lakini yeye mwenyewe alipewa rubani hapo hapo Malindi wa kumfikisha Calicut. Njia ilikuwapo, aliikuta.

Njia hiyo ilifunguliwa na pepo. Kaskazi ilipovuma, vyombo vilishuka kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi ilipoingia vikarudi. Mfanyabiashara hakuwa na amri juu ya upepo. Ilimpasa angoje miezi kadhaa, na katika kungoja huko alipanga nyumba, alioa, akajifunza lugha ya wenyeji na kuwaachia maneno yake. Kwa hiyo upepo haukuleta nguo na shanga tu, bali ulisaidia kuikuza lugha hii ninayoiandika.

Tutazame Kilwa Kisiwani. Utajiri wake mkubwa ulikuwa dhahabu ya bara iliyopitia Sofala. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri wake. Sarafu ya sultani huyo imefukuliwa Great Zimbabwe, na vyombo vya kauri vya China vimefukuliwa Kilwa.

Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji huo. Mwaka huo huo Wareno walijenga ngome Sofala, na hilo ndilo pigo lililoumiza zaidi. Baada ya miaka michache waliondoka Kilwa, lakini mlango wa dhahabu ulikwisha kuwa mikononi mwao. Mji ulipoinuka tena katika karne ya 18, biashara yake ilikuwa ya binadamu: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka.

Bahari ilikuwa ile ile, na upepo ule ule. Kilichobadilika ni nani aliyeshika njia, na ni nini kilichopakiwa. Basi vijana, mtakapofika kwenye bandari yoyote, msiishie kuhesabu meli. Ulizeni mali inatoka wapi, chombo ni cha nani, na bei inapangwa na nani. Hapo ndipo mtakapoijua historia.