Seneta Aliyenena Hata Jua Likachwa

Waasisi wa dola ya Marekani, waliokutana Philadelphia mwaka wa 1787 kuitunga katiba, walikuwa watu waliosoma sana tarehe ya Roma, na baraza la juu la bunge lao wakalipa jina la Seneti kwa kuifuata ile ya kale; lakini silaha kali kuliko zote za maseneta wa Roma, yaani mtu mmoja kulizuia shauri kwa kunena bila ya kikomo, hawakuiandika katika katiba, nayo ikazuka kwao baadaye.

Katika Seneti ya Roma wajumbe waliulizwa rai zao kwa kufuata daraja, na kila aliyesimama alikuwa na ruhusa ya kusema apendavyo, hata nje ya jambo lililoulizwa. Ila kanuni ilikataza shauri lolote kupitishwa baada ya jua kuchwa. Hakuna aliyeitumia kanuni hiyo kwa ustadi kama Cato Mdogo. Mwaka wa 59 kabla ya Kristo, Julius Caesar, aliyekuwa mmoja wa makonsuli wawili wakuu wa dola, alileta muswada wa kuwagawia ardhi askari wakongwe na mafukara, na Cato akasimama akanena, akanena, hata Caesar akaghadhibika akaamuru apelekwe gerezani. Maseneta wengi wakaondoka kumfuata, na mmoja wao, Marcus Petreius, alipokemewa kwa kutoka kabla ya baraza kuvunjika, alijibu kwamba ni afadhali kwake gereza pamoja na Cato kuliko baraza pamoja na Caesar. Caesar akatahayari, akamwachilia. Kisha akauchukua muswada wake mpaka mbele ya mkutano wa raia, ambao ndio hasa uliokuwa na mamlaka ya kupitisha sheria, na konsuli mwenziwe, Bibulus, alipojaribu kupinga, akamwagiwa kinyesi hadharani na fimbo za heshima ya cheo chake zikavunjwa.

Cato alikuwa mwadilifu, na khofu yake juu ya Caesar ilikuja kuthibitika. Hata hivyo simwondolei lawama, kwani aliyeufunga kila mlango wa mashauri alimzoeza hasimu wake kupita pasipo na mlango.

Huko Marekani halikuwapo hata jua la kuwakomesha wasemaji. Hadi mwaka wa 1917, kundi dogo lilipouzuia muswada wa kuzipa silaha merikebu za biashara, Seneti haikuwa na kanuni ya kuufunga mjadala; ndipo ikakubaliwa kwamba theluthi mbili waweze kuufunga. Waliofaidi mno uhuru huo, nasema kwa masikitiko, ni maseneta wa majimbo ya kusini waliopigania ubaguzi: mwaka wa 1957 Strom Thurmond alinena kwa saa 24 na dakika 18 dhidi ya muswada wa kuilinda haki ya watu weusi ya kupiga kura, nao ukapita vilevile, na ule mkubwa wa haki za kiraia wa 1964 ulicheleweshwa kwa majuma mengi, mpaka Juni 10, kura 71 dhidi ya 29 zilipowanyamazisha.

Mwaka wa 1975 kiwango kilishushwa kuwa khumsi tatu, yaani maseneta 60 kati ya 100. Cato alilipa kwa sauti yake na miguu yake, akakamatwa mbele ya wenziwe. Seneta wa leo aghalabu humtosha kuarifu kwamba anapinga, na muswada hulala naye hajasimama hata kidogo.