Kilo zilezile, mwili si uleule

Nimepotea kidogo, nilikuwa likizo nyumbani Bangwe, kule Kigoma. Siku moja asubuhi baba mdogo akaniita tusaidiane kusukuma mtumbwi kutoka mchangani hadi majini. Hatua kumi tu, nahema kama nimetoka Ujiji mbio. Babu alikuwa kivulini anashona nyavu, akacheka: "Mwalimu mtarajiwa, huko chuo wanakulisha nini?"

Kilichoniuma ni hiki. Nilipotoka JKT baada ya kidato cha sita nilikuwa na kilo 61. Nimepima tena juzi: 61. Urefu wangu ni mita 1.65, kwa hiyo BMI ni 22.4, na kawaida ni 18.5 hadi 24.9. Eti niko poa! Kumbe kipimo hicho kinagawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, basi. Hakijui kipi msuli na kipi mafuta. Suruali ndiyo inayojua.

Babu naye alipita JKT miaka ya 70 kabla ya kuanza ualimu, ndo nikaamua kufuatilia historia yenyewe. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, mwanzoni kwa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikataka wasomi waende kwa lazima. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana hadi Ikulu, Dar. Hasira kubwa haikuwa mchakamchaka, ilikuwa kukatwa mshahara. Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, halafu akawafukuza karibu wanafunzi 400. Sheria ikabaki palepale. Vijana wa miaka iliyofuata wakakimbia, wakalima, wakabeba, watake wasitake. Mwaka 1994 ikasitishwa, ikarudi 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, na si wote walioitwa.

Sasa nimeelewa kitu. Ukakamavu wetu ulikuja kwa filimbi ya afande. Filimbi ikinyamaza, na mwili unanyamaza. Chuoni hakuna wa kukuamsha saa kumi alfajiri. Bumu likiingia ni zege usiku, boda kutoka hosteli hadi darasani, siku nzima umekalia kiti. Babu alipotoka kambini alikuta jembe na safari za miguu zinamsubiri. Mimi nilikuta kiti.

Na sisi wa ualimu ndo tutakaopewa vipindi vya michezo. Nitawaambia nini watoto wa watu wakati mwenyewe nahema kwa hatua kumi?

Wiki ya pili sasa sipandi boda. Natembea, na jioni nakimbia uwanjani hata kama wananicheka. Mizani nimeachana nayo. Likizo ijayo nitajipima kwa ule mtumbwi wa baba mdogo.

Haya, kesho kuna test. Alamsiki!