Ardhi isiyo na uzio: Wahadzabe na karne nzima ya kuhamishwa

Kwa karibu miaka mia moja, kila serikali iliyotawala Bonde la Yaeda imejaribu kuwafundisha Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, kulima. Waingereza walianza mwaka 1927, wakarudia mwaka 1939. Baada ya uhuru serikali yetu nayo ikashika njia ileile, mwaka 1965 na tena mwaka 1990, huku wamisionari wakija kwa wakati wao na mipango yao. Yaliyotokea hayakutofautiana sana. Watu walikuja kijijini, wakala chakula kilicholetwa, na kilipokwisha wakarudi porini.

Waliochelewa kurudi waliugua. Kambi ya Wahadzabe kwa kawaida ina watu ishirini au thelathini, na huhama kila baada ya majuma kadhaa kufuata maji, matunda na wanyama. Katika maisha hayo surua haipati njia ya kuenea. Watu walewale walipowekwa pamoja kwa mamia, maradhi ambayo miili yao haikuyazoea yaliwapitia, na waliokufa wengi walikuwa watoto. Historia hii imezoeleka kusimuliwa kama kisa cha watu waliokataa maendeleo. Mzazi aliyezika mtoto kijijini kisha akaondoka na waliobaki hakukataa maendeleo. Aliokoa familia yake.

Wahadzabe ni kama watu elfu moja na mia kadhaa tu, wanaoishi pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kuanzia Mang'ola hadi Bonde la Yaeda na kuvuka kuelekea Singida na Meatu. Lugha yao, Kihadzane, ina sauti za kudata kwa ulimi. Kwa sababu ya sauti hizo, kwa muda mrefu watu walidhani ni ndugu wa Wasani wa kusini mwa Afrika. Wanaisimu wengi leo wanaiona kuwa lugha iliyosimama peke yake, isiyo na jamaa anayejulikana. Wageni wametafiti maisha yao pia: Mjerumani Erich Obst aliishi na Wahadzabe kwa muda mwaka 1911, Ludwig Kohl-Larsen akakusanya hadithi zao miaka ya 1930, na James Woodburn akaanza utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1950.

Wenyewe wana historia yao, na haikungoja wageni hao. Wanaigawa katika zama nne. Kwanza walikuwepo Akakaanebe, majitu yenye manyoya mwilini, yasiyojua moto wala zana. Wakaja Tlaatlanebe, wakubwa vilevile lakini bila manyoya, waliokaa mapangoni na kuota moto. Wa tatu, Hamakwabe, ndio waliokuja na upinde na mshale, wakaanza kubadilishana vitu na majirani. Wa nne ni Hamaishonebe, watu wa sasa. Mpangilio huu unanivutia kwa sababu hauanzi na safari. Makabila mengi ya Tanzania husimulia yalikotoka, mto waliouvuka, mlima walioushuka. Wahadzabe husimulia namna watu walivyobadilika wakiwa palepale.

Imani yao haina hekalu wala kuhani. Jua, Ishoko, husimuliwa kama mwanamke, na mwezi, Haine, huwa mumewe. Shughuli iliyo nzito kuliko zote ni epeme, ngoma ya usiku usio na mbalamwezi. Moto huzimwa. Mwanamume mmoja baada ya mwingine hutoka gizani akicheza, njuga mguuni, manyoya ya mbuni kichwani, na wanawake humwimbia na kumwitikia. Jina hilohilo la epeme hutumika pia kwa sehemu fulani za nyama ya mnyama mkubwa, kama moyo na figo, ambazo huliwa kwa faragha na wanaume waliokwisha kuingizwa katika siri za epeme. Asiyestahili akila, inaaminika ataugua au kufa. Nyama iliyobaki ni ya kambi nzima. Mwindaji hawi na haki ya kuamua nani ale na nani asile, na hakuna chifu wa kumwamulia. Woodburn alivutwa sana na usawa huo, akaandika juu yake kwa miaka mingi.

Anayewafikiria kuwa ni wawindaji tu hajaona nani anayelisha kambi siku mshale ukikosa. Wanawake huchimba mizizi ya porini kwa vijiti vilivyochongwa ncha, huchuma matunda madogo ya vichakani, huponda ubuyu. Kuanzia miaka ya 1980 mtafiti Kristen Hawkes na wenzake waliwafuata bibi wa Kihadzabe wakipima kazi yao, wakakuta kwamba wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa huchimba kwa bidii sana, na kwamba wajukuu hunenepa kwa chakula chao, hasa mama anapokuwa na kichanga mgongoni. Ndipo ikazaliwa hoja kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu bibi alikuwa na kazi ya kufanya. Ni hoja ya sayansi ya dunia nzima, na mizizi yake imo katika udongo mgumu wa Eyasi.

Asali nayo si kitafunwa tu. Ndege anayeitwa mlembe huwaita watu kwa kelele, nao humjibu kwa miluzi mpaka awafikishe penye mzinga. Mbuyu hupandwa kwa vigingi vinavyopigiliwa katika shina, kimoja juu ya kingine, huku nyuki wakitulizwa kwa moshi.

Katika maisha yote haya hakuna uzio, hakuna tuta, hakuna zizi. Hapo ndipo msiba wa Wahadzabe ulipoanzia. Mkulima aliyefika aliona pori. Mfugaji aliona malisho. Ofisa mwenye ramani aliona ardhi isiyotumika. Wadatoga waliingia Yaeda na ng'ombe wao, wakiwa nao wamesukumwa kutoka kwingine, na mifugo ikamaliza nyasi na maji ambavyo wanyama pori walivitegemea. Upande wa Mang'ola chemchemi zikageuzwa mifereji ya vitunguu, zao ambalo hufika hadi masoko ya Kenya, na vichaka vya matunda vikafyekwa. Vile vijiji vilivyojengwa mwaka 1965 kwa ajili yao, Yaeda Chini na Munguli, leo vimejaa majirani zao. Mpango wa kuwapa makazi uliishia kuwafungulia wengine mlango. Na mwaka 2007 eneo kubwa lilikuwa karibu kukodishwa kwa ukoo wa kifalme wa Abu Dhabi kwa ajili ya uwindaji wa kitalii. Kelele zilipigwa ndani na nje ya nchi, mpango ukaachwa.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2011. Kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jamii nzima, zaidi ya hekta 20,000. Hati za kimila zilikuwa zimezoeleka kutolewa kwa mtu mmoja na shamba lake. Hii ilikubali kwamba kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali ni kuitumia ardhi.

Karibu na wakati huo ukaanza mradi wa hewa ukaa chini ya Carbon Tanzania. Miti isipokatwa, kaboni iliyohifadhiwa huuzwa, na sehemu ya mapato hurudi kijijini. Vijana wa eneo hilo huajiriwa kuzunguka porini na kuripoti mashamba mapya, ukataji miti na ujangili. Fedha hulipia matibabu, karo na chakula cha wanafunzi. Huu ndio mpango unaowalipa kwa kuendelea na walichokuwa wakifanya, nao unapaswa kuigwa katika kambi zote ambazo bado hazina hati.

Mahitaji mengine yako wazi. Mtoto wa Kihadzabe anaacha kambi na kwenda bweni ambako hafundishwi kwa lugha yake, na wengi hutoroka. Anahitaji mwalimu anayeijua lugha hiyo. Kambi zinahitaji mhudumu wa afya anayezifuata zilipo, pamoja na chanjo. Na hati inahitaji kulindwa kila kiangazi, mifugo inapotafuta maji na kuvuka mipaka, na uongozi wa wilaya ndio wenye nguvu ya kuirudisha mifugo hiyo.