Kutoka Mlio wa Masikio hadi Tone la Damu

David Livingstone alifika Ujiji Machi 1869 akiwa mgonjwa, na sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu Januari 1867. Kuhusu kwinini alikuwa na kanuni yake: mtu ameze hadi masikio yalie. Tusimcheke. Mlio ule ni dalili ya kweli kwamba dawa imejaa mwilini, na wakati huo kipimo kingine hakikuwapo.

Ubaya wa kipimo hicho ni kwamba mwili huweza kutoa jibu ukiwa umekwisha kuumia. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki. Nusu gramu ilipoonekana haitoshi, aliipandisha hadi gramu 1. Watu 22 walipofuka. Dawa hiyohiyo ilitumika pia mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika kampeni ya Wajerumani dhidi ya malale. Mizani ya daktari ilijua kilichoingia katika sindano. Kilichokuwa kikizunguka katika damu ya mgonjwa hakuna aliyekijua.

Kilichobadili mambo ni vita, wala si huruma kwa watu wa Sese. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, Marekani ilikosa kwinini na kuwapa askari wake mepakrini. Huko New York, katika kundi la James Shannon, Bernard Brodie na Sidney Udenfriend walibuni njia ya kuipima dawa hiyo katika damu kwa kutumia mng'ao wake. Ikabainika kwamba mepakrini hujificha katika nyama za mwili na kuiachia damu kidogo mno. Kwa hiyo dozi za kwanza ziwe kubwa, kisha ndogo. Kidonge kilibaki kilekile. Kilichobadilika ni ratiba.

Tangu mwisho wa 2006 Tanzania hutibu malaria isiyo kali kwa dawa mseto ya artemeta na lumefantrini. Lumefantrini haifyonzwi vizuri bila mafuta (ushauri mwepesi Kigoma, nchi ya mawese, ila kwa nyumba iliyoshindia uji mtupu). Watafiti hupima kiwango chake siku ya 7, na mara nyingi wamekikuta kuwa cha chini kwa watoto wadogo na wajawazito, hata waliomeza kama walivyoelekezwa. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi hutosha kwa kipimo hicho.

Lakini hicho ni kipimo cha utafiti, si cha zahanati. Homa ikimrudia mtoto pale Mwanga, mama yake huulizwa kama alimpa vidonge vyote.