Sekunde nne za kigong'ota

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina ndege.

Kigong'ota mwenye mdomo wa rangi ya pembe za ndovu ndiye mkubwa kuliko vigong'ota wote wa Marekani. Makao yake yalikuwa misitu ya vinamasi ya kusini, na tayari mwanzoni mwa karne ya 20 wengi walidhani amekwisha.

Mwaka wa 1935 Arthur Allen wa chuo kikuu cha Cornell aliwafuata huko Louisiana, katika msitu uliomilikiwa na Singer. Ndiyo, Singer wale wale wa cherehani za nyanya zetu! Mitambo yao ilivutwa matopeni kwa gari la nyumbu. Walipopata kiota hawakumkimbiza ndege. Walipiga kambi karibu, wakaelekeza kamera na dishi kubwa la kunasia sauti, wakangoja. Picha na sauti walizopata zinatumika mpaka leo.

Mwanafunzi wake, James Tanner, alirudi. Machi 1938 alipanda mti kumvisha kinda pete mguuni. Kinda akaruka akaanguka chini. Tanner akamwokota, akampa mwenzake J. J. Kuhn, na kinda akapigwa picha akiwa amemparamia mkononi na juu ya kofia. Hakuna picha nyingine za kinda wa ndege huyu zinazojulikana.

Msitu ulikatwa hata hivyo. Aprili 1944 mchoraji Don Eckelberry alimchora jike mmoja aliyebaki peke yake katikati ya visiki. Huyo ndiye wa mwisho kuonekana bila ubishi.

Sasa tuje kwenye mambo yetu. Tarehe 25 Aprili 2004, David Luneau alikuwa kwenye mtumbwi huko Arkansas, baada ya watu kadhaa kudai wamemwona ndege huyo. Kamera yake aliiacha ikirekodi muda wote, maana ndege mwoga hakungoji ubonyeze kitufe. Kigong'ota akachomoka nyuma ya mti, sekunde nne, akapotea. Aprili 2005 jarida la Science likatangaza: yuko hai!

Lakini video za aina ile zilinasa mistari witiri, halafu shufwa, kwa zamu, nusu fremu takriban 60 kwa sekunde. Watafiti walitenganisha nusu hizo na kuchunguza weupe wa bawa. Mwenye mdomo wa pembe ana weupe ukingo wa nyuma wa bawa. Binamu yake wa kawaida ana weupe chini ya bawa, upande wa mbele. Mwaka wa 2006 David Sibley na wenzake walijibu kwamba huyo ni binamu tu, bawa limepinda. Ndege mzima ni pikseli chache zenye ukungu. Nimeandika vichujio vya picha, nawaambia ukweli: hakuna programu inayorudisha data ambayo lenzi haikuinasa.

Mei 2023 kundi jingine lilichapisha picha za droni na kamera za mitini kutoka Louisiana. Oktoba mwaka huo serikali ya Marekani iliondoa spishi 21 kwenye orodha ya walio hatarini, zote kwa kuwa zimetoweka. Kigong'ota wetu hakuondolewa.

Picha hizo za 2023 nimezifungua, nikazikuza mara nane. Nikaona miraba. Halafu nikafungua ya kofia ya Kuhn, ya 1938, na unaweza kuhesabu kucha.