Kitambaa cha Booth: historia ya mashine inayokabwa

Kwenye ukurasa huu tumezoea historia ya mikataba, ya vita na ya wakubwa. Mimi leo naleta historia ya aspirateri, ile mashine ya kufyonza vumbi. Musicheke kwanza. Hapa Goma utaikuta mu hoteli, mu ofisi za mashirika, mu makanisa yenye mokete, hata mu nyumba za watu wa kawaida walioinunua ya okazyo. Na nyingi zimelala mu depo, watu wanasema zimekufa. Mimi nasema nyingi hazijafa, zimekabwa tu. Na historia yake njo inaonyesha kwa nini.

Zamani tapi ilipelekwa inje, ikapigwa fimbo. Mwaka 1876 Melville Bissell, muuza vyombo vya udongo wa Grand Rapids, Marekani, alichukua hati ya kifagio chenye magurudumu: unasukuma, burashi inazunguka, uchafu unaingia ndani ya sanduku. Alipofariki mwaka 1889, mke wake Anna njo akaongoza kampuni. (Dada zetu mulio hapa, mwaka 1889!) Lakini kifagio kile hakikuwa na hewa ndani yake.

Hewa ililetwa na injinia Mwingereza, Hubert Cecil Booth. Kule London alionyeshwa mashine iliyopuliza vumbi. Vumbi liliruka, kisha likarudi kukaa palepale. Booth akajiuliza: mbona tusivute? Akaweka kitambaa chake cha mfukoni juu ya kiti cha restora, akaweka mudomo, akavuta. Akakohoa vizuri sana. Lakini alipogeuza kitambaa, akakuta vumbi limeshikwa upande wa chini. Akachukua hati yake mwaka 1901. Mashine ya kwanza ilikuwa kubwa sawa gari: ilikokotwa na farasi, ikasimama barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa mu madirisha ya nyumba. Mwaka 1902 ilisafisha tapi za Westminster Abbey kwa sherehe ya kumvika taji mfalme Edward VII.

Sasa mutazame kile kitambaa, maana wengi wanakiruka na kukimbilia farasi. Kazi yake ni kuacha hewa ipite na kuzuia vumbi. Lakini kadiri kinavyozuia vumbi, njo hivyo matundu yake yanaziba, na hewa inapungua. Yaani mashine inaugua kwa sababu inafanya kazi yake vizuri. Ugonjwa ulizaliwa siku moja na dawa.

Baada ya Booth, anakuja mutu ninayempenda kuliko wote: James Murray Spangler, mufanya usafi mu duka moja la Canton, Ohio. Alikuwa na asma, na vumbi la kazi lilikuwa linamumaliza. Mwaka 1907, karibu afikishe miaka 60, aliunga moteri ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya muto. Foronya, kitambaa tena! Hati ikatoka mwaka 1908, lakini pesa za kutengeneza nyingi hakuwa nazo. Akaiuzia William Hoover, mufanyabiashara wa vitu vya ngozi vya farasi aliyeona magari yanakuja kumuharibia soko. Leo Waingereza wanaposema kusafisha kwa aspirateri, kitendo chenyewe wanakiita kwa jina la Hoover. La Spangler hakuna anayelitamka.

Miaka 70 baadaye, James Dyson, Mwingereza mwingine, alikasirika kwa sababu mufuko wa aspirateri yake uliziba. Alijaribu mifano 5,127 mupaka kupata mashine isiyo na mufuko, inayozungusha hewa kwa nguvu ili vumbi lianguke lenyewe. Na bado hizo nazo zina filtre. Kitambaa cha Booth hakijatoka kabisa.

Kwa nini nawasimulia haya? Mama mudogo wangu anafanya usafi mu ofisi moja hapa muji. Aspirateri ilinyamaza mukononi mwake, na bosi akasema ameunguza moteri, bei yake itakatwa ku mushahara. Moteri ya aspirateri nyingi inapozwa na hewa ileile inayovutwa. Njia ikiziba, utasikia sauti inapanda, inakuwa nyembamba, watu wanafikiri imeongeza nguvu. Kumbe inazunguka bila muzigo na inapata moto. Nyingi zina kizimio kinachokata kuran moto ukizidi. Ukiiacha ipoe, inawaka tena. Sisi hapa tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, na lile vumbi jeusi ni laini, filtre inajaa mbio. Tuliifungua mbele ya bosi: filtre ilikuwa sawa tofali. Mushahara haukukatwa.

Kwa hiyo, mbele ya kusema imekufa, chomoa kuran, ufuate njia ya hewa toka mwanzo. Mufuko umejaa? Filtre ikiwa ya kuoshwa, ioshe, iache siku nzima ikauke, usiirudishe na maji. Mupira: dondosha feza ya chuma ndani, isipotoka upande wa pili kuna kitu kimekwama. Au toa mupira, uwashe, uweke mukono pale unapoingilia. Kama panavuta vizuri, ugonjwa uko mu mupira. Burashi haizunguki na moteri inalia? Angalia nywele zilizojifunga na mukanda uliokatika. Cheche nyingi na harufu ya kuungua, hapo ni sharbo za moteri zimeisha. Mupelekee mufundi, ni kitu kidogo. Iliyoletwa toka Marekani, ya volti 120, usiichomeke ku 220 yetu bila transfo; hiyo ikiungua, imeungua kweli.

Zile za kuosha tapi na maji zina tanki mbili. Ya maji machafu ina boya ndani: likipanda, linafunga hewa ili maji yasifike ku moteri. Ukitia sabuni nyingi, povu linalipandisha mbele ya wakati, mashine inaacha kuvuta. Mwaga, suuza tanki, upunguze sabuni, kisha washa tena.