Kazi ya Jioni: Historia ya Wachongaji wa Kusini

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Kaeni vizuri. Aliye nyuma asogee mbele apate kusikia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: tezo, patasi, kiini, kinyago, urithi. Wanafunzi, yaandikeni katika madaftari yenu. Tezo ni chombo cha fundi chenye bapa lililolala, cha kuchongea mti. Patasi ni chuma chenye ncha pana, hugongwa kwa nyundo ya mti. Kiini ni sehemu ya ndani ya gogo, iliyo ngumu. Kinyago ni sanamu au sura iliyochongwa. Urithi ni mali tuliyoachiwa na waliotutangulia.

Somo letu leo ni la historia. Watu wengi hudhani kuwa historia ni habari za wafalme na vita tu. Sivyo. Mkulima akitoka shambani, akaketi chini ya mwembe, akachukua tezo na kipande cha mti, naye pia anafanya historia. Leo tutaona jinsi kazi ya namna hiyo, kazi ya jioni na ya siku za mapumziko, ilivyotoka huku kwetu kusini ikafika mbali sana.

MTU WA KWANZA ALIYECHONGA

Wazee wa Kimakonde wana hadithi ya zamani. Wanasema kuwa hapo mwanzo palikuwa na kiumbe mmoja, akiishi porini peke yake. Siku moja alichukua mti akachonga sanamu, akaisimamisha karibu na mahali pake pa kulala. Asubuhi sanamu ile ilikuwa mwanamke hai. Wakaishi pamoja karibu na mto Ruvuma. Lakini watoto waliozaliwa bondeni hawakuishi. Ndipo wakapanda juu zaidi, mpaka kwenye uwanda wenye vichaka vizito, na huko mtoto akazaliwa akaishi. Huyo ndiye mzazi wa Wamakonde.

Hadithi si historia, lakini hutuonyesha mambo mawili. Kwanza, watu hawa walipendelea kukaa juu, mbali na bonde, ingawa maji yalikuwa chini na wanawake walilazimika kuteremka kuyafuata. Pili, waliiheshimu kazi ya kuchonga kiasi cha kusema kuwa binadamu mwenyewe alianzia humo.

MKULIMA MWENYE TEZO

Basi, mchongaji wa zamani alikuwa nani? Alikuwa mkulima. Mvua zikinyesha alikuwa shambani kwake, akilima mihogo na mtama. Mavuno yakiisha, na jua likipoa, ndipo alipopata nafasi ya kuchonga.

Alichonga nini? Fikirini vyombo vya nyumbani kwenu. Kinu na mchi, mwiko na upawa, kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, mpini wa jembe. Vyote hivyo ni kazi ya mti. Tena alichonga bakora, na vikopo vidogo vya kuwekea tumbako au dawa, vyenye vifuniko vya sura ya kichwa cha mtu. Pwani, watu walichonga mitumbwi, na mafundi wa Mikindani walitia nakshi katika milango ya nyumba za mawe.

Ipo pia kazi iliyofanywa kwa siri. Hiyo ni kazi ya mapiko, yaani vinyago vya kuchezea ngoma za jando na unyago. Vilichongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji hawezi kucheza akiwa amebeba mzigo mzito. Wamakonde wa upande wa Msumbiji walichonga vinyago vya kuvaliwa kichwa kizima kama kofia, wakavitia nywele za watu. Wale wa upande wa Newala walichonga zaidi vya kufunika uso tu. Kazi hii ilifanywa mahali pa faragha, maana wanawake na watoto wasiopita jandoni hawakuruhusiwa kuiona.

Lakini kazi za kawaida zilifanywa mbele za watu. Wachongaji walikaa pamoja chini ya mti mmoja, kila mtu na kipande chake. Huyu aliazima tezo la mwenzake. Yule aligeuza kazi ya jirani, akaitazama, akasema, "Mguu huu mfupi." Kijana alikaa pembeni akitazama, kwanza alipewa kazi ya kusugua, halafu ya kukata gogo, na mwisho ya kuchonga. Hapakuwa na kitabu wala cheti. Hilo nalo lilikuwa darasa la watu wazima, ndugu zangu, kama hili lenu.

Angalieni neno moja, msasa. Leo tukienda dukani tunanunua karatasi ya msasa. Zamani msasa ulikuwa mti wenye majani makavu yanayokwaruza, na fundi alisugua kazi yake kwa majani hayo. Majani yameacha kutumika, jina limebaki.

MPAKA UNAPITA MTONI

Mwaka 1886 Wadachi na Wareno walipatana kuwa mto Ruvuma uwe mpaka baina yao. Wamakonde hawakuulizwa. Waliokuwa kaskazini wakawa chini ya Wadachi, waliokuwa kusini wakawa chini ya Wareno.

Mwaka 1906 alikuja Mdachi mmoja msomi, jina lake Karl Weule, kutoka mji wa Leipzig. Alitembea mpaka Newala, akakusanya vinyago na vyombo vingi, akavipeleka Ulaya, kisha akaandika kitabu juu ya safari yake. Kwa hiyo baadhi ya kazi za babu zetu zimehifadhiwa huko mpaka leo. Lakini jambo moja linasikitisha. Mara nyingi wageni kama hao waliandika jina la kabila na jina la mahali, wasiandike jina la mtu aliyechonga. Kazi ikajulikana, mwenyewe akasahauliwa.

Upande wa kusini, utawala wa Wareno ulikuwa mkali. Watu walilazimishwa kufanya kazi na kulima pamba. Wengi walivuka Ruvuma wakaja Tanganyika kutafuta mshahara katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mikindani na hata Tanga. Baada ya mwaka 1947 palikuwa na kazi nyingine pia. Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Kwa ajili hiyo ilijengwa reli, na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Mpango wa karanga ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951. Reli ikang'olewa baadaye. Bandari ikabaki.

Watu hawa waliovuka mto walileta jembe na tezo pia. Mchana walikata mkonge. Jioni na siku za mapumziko walichonga.

MPINGO UNAINGIA MJINI

Sasa kazi ilianza kubadilika. Wazungu wa misheni na maofisa walipenda kununua sanamu. Walitaka kitu kigumu, cheusi, chenye kung'aa. Mti wa kufaa ulikuwapo, nao ni mpingo.

Mpingo ukiukata utaona rangi mbili. Nje, chini ya gome, ni ukanda wa rangi ya maziwa. Ndani ni kiini cheusi. Kiini hicho ni kizito mno. Ukikitupa majini kinazama. Patasi isiyonolewa vizuri haifanyi kitu juu yake. Kwa hiyo mchongaji huanza na tezo, hufuata na patasi, kisha tupa, na mwisho msasa.

Sanamu za kwanza za kuuzwa zilionyesha maisha ya kila siku: mama aliyebeba mtoto mgongoni, mwanamke na mtungi wa maji, mzee na kiko chake. Namna hiyo huitwa binadamu. Wachongaji walichonga yale waliyoyaona nyumbani mwao.

Katika miaka ya 1950 wachongaji wengi walihamia Dar es Salaam. Mfanyabiashara mmoja wa huko, Mohamed Peera, aliwanunulia kazi zao na kuwapa moyo wa kubuni mambo mapya. Mmoja wao alikuwa Samaki Likankoa. Yeye hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha, karibu na mwaka 1959, sanamu za mashetani, zenye jicho moja, masikio marefu na viungo vilivyopindana. Wapo wanaosimulia kuwa sanamu yake ilivunjika, naye badala ya kuitupa akaiendeleza, ikawa kitu kipya kabisa. Mchongaji mwingine, Roberto Yakobo Sangwani, hutajwa kuwa mwanzilishi wa sanamu ya watu wengi katika gogo moja, mmoja akimbeba mwenzake mpaka juu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sanamu hiyo ilijulikana sana kwa jina la ujamaa.

Wakati huohuo mambo mazito yalitokea ng'ambo ya mto. Tarehe 16 Juni 1960, huko Mueda, askari wa Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Mwaka 1962 chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam, na mwaka 1964 vita vya kupigania uhuru vilianza. Katika sehemu zilizokombolewa, wachongaji walijiunga katika vyama vya ushirika, na sanamu zao zilipitishwa Tanzania zikauzwa ili kusaidia mapambano. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Mfano wa mwisho ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 huku kusini. Katika miaka ya 1970 alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972. Mlinzi huyu alikuwa mchongaji. Kazi zake zikaonekana, naye akaacha ulinzi, akawa msanii aliyejulikana Ulaya, Marekani na Japani. Alifariki mwaka 2005.

KINYAGO KILICHOIBWA

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, wakachukua vitu vya kale. Miongoni mwa vitu hivyo kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Baadaye kikaonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, nchini Uswisi, ambayo yalikuwa yamekinunua. Mazungumzo yakachukua miaka mingi. Mwaka 2010 kinyago kile kikarudishwa Tanzania.

Kiliwezaje kurudi? Kwa sababu palikuwa na maandishi. Makumbusho yetu yaliweza kuonyesha kuwa kitu hiki kilikuwa chetu, kikaibwa. Kama kisingeandikwa popote, tungedai nini? Ndiyo maana nawaambia kuwa kujua kusoma na kuandika si jambo la kusomea barua tu. Ni kulinda mali.

MTI UNAOPUNGUA

Iko hatari nyingine, nayo iko msituni. Mpingo hukua polepole sana. Huchukua miaka 70 mpaka 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mtu akiupanda leo, atakayeuvuna ni mjukuu au kitukuu. Tena wanaoutaka si wachongaji peke yao. Viwanda vya nje huununua kwa kutengenezea ala za muziki kama klarineti, na ala hizo huuzwa kwa fedha nyingi.

Hapo zamani mwanakijiji aliyekuwa na mpingo katika msitu wake alipata kidogo mno. Lakini katika Wilaya ya Kilwa baadhi ya vijiji vilipima misitu yao, vikaandika idadi ya miti, vikapanga mingapi ikatwe na mingapi iachwe. Mwaka 2009 vilipata hati ya kimataifa ya kuthibitisha kuwa misitu yao inatunzwa vema. Kwa njia hiyo wanakijiji huuza wenyewe, na fedha huingia katika mfuko wa kijiji. Hapo pia mwanzo ulikuwa kalamu na daftari.

Biashara si mbaya. Imewalisha wachongaji na kusomesha watoto wao. Ukienda Mwenge, Dar es Salaam, utawaona wamekaa pamoja wakichonga kama baba zao walivyokaa. Lakini anayechonga kwa ajili ya mteja tu huchonga tembo 20 wanaofanana, kwa kuwa ndio wanaonunuliwa upesi. Anayechonga jioni kwa ajili yake mwenyewe huweza kujaribu jambo jipya, likiharibika hakuna anayemdai. Sanaa yetu inawahitaji wote wawili.

KAZI YA KUFANYA

Mwalimu, waachie wanafunzi nafasi ya kujibu maswali haya kwa mdomo, kisha kwa kuandika.

1. Kwa nini mapiko yalichongwa kwa mti mwepesi?
2. Mwaka 1886 palitokea jambo gani kuhusu mto Ruvuma?
3. Kinyago kilichoibwa mwaka 1984 kilirudi mwaka gani? Kilikaa nje miaka mingapi?
4. Mpingo uliopandwa mwaka huu utafaa kuvunwa mwaka gani, ikiwa unahitaji miaka 80?

Kazi ya nyumbani ni hii. Tafuta nyumbani kwako chombo kimoja cha mti kilichochongwa kwa mkono. Iwe mbuzi ya nazi, iwe kinu, iwe kigoda cha bibi. Uliza ni nani aliyekichonga, wapi, na kwa mti gani. Andika sentensi tano. Sentensi ya kwanza iwe na jina la mchongaji, kamili, bila kosa la herufi. Kama wenyewe hawamkumbuki, waulize majirani walio wazee kabla hujakata tamaa.

Wiki ijayo kila mtu atasoma sentensi zake mbele ya wenzake. Mpaka hapo, kwaherini. Someni kwa bidii.